Vidange ya Gari ya Mujomba Amisi

Bel-Air, mangaribi ya mwisho kabla haujaenda

Feza, mutoto wangu,

Mama yako iko anakupangia valizi mu chumba, nasikia namna munabishana juu ya blanketi. Yeye anasema Kolwezi kunapigaka baridi, weye unamujibu kama unaenda kusomea kazi ya infirmière, ya kutunza bagonjwa, hauendi kulinda ng'ombe ku mulima. Nimecheka pekee yangu hapa inje. Nimekaa ku kiti ya plastiki pembeni ya gari nyekundu, karatasi iko juu ya kipande ya ubao, na jua ingali inaonekana juu ya paa ya jirani. Sitakuambia kuchemsha maji ya kunywa. Sitakuambia usitembee na bantu haujue. Mama yako amesema ile yote mara kumi toka juzi, na kesho atayasema tena ku bus mbele ya bantu mpaka usikie haya. Mi niko na neno moja tu, na imenichukua miaka tisa kuitafuta mu kinywa. Ata leo haikutoka mu kinywa, njo sababu naandika.

Neno yenyewe ni hii. Siku ile mujomba wako Amisi alikufa chini ya hii gari, haukutoa muguu ku freni. Haukutoa, Feza. Nilijua toka dakika ile ile, na niliacha bantu bote baamini kama ulitoa, na weye pia nilikuacha uamini. Soma tena ile mustari kama inafaa. Mi nilipoiandika nilisimama, nikazunguka gari mara mbili, ndipo nikarudia kukaa.

Sasa acha nikueleze namna ilikuwa, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na moja, na hadisi uliyonayo mu kichwa ni sisi bakubwa tulikupatia.

Amisi alikuwa ndugu ya mama yako, wa tumbo moja, alimupita miaka mibili tu. Ulimupenda, najua, sababu alikuwa anakuita "madame la ministre" na kukusalimia na mikono mibili. Alikuwa anauzisha bitenge, na ku safari moja ya Kasumbalesa, ku mupaka, alikutana na hii gari: gari ya spor, milango mibili, imevunjika kioo na taa, lakini moteri iko muzima. Aliileta juu ya lori, batoto ya avenue banakimbia nyuma yake. Mama yako alimuambia: "Amisi, hauna ata mwanamuke, unanunua gari ya biti bibili?" Alimujibu: "Njo maana nimenunua ya biti bibili. Kimoja changu, kimoja cha yule atakuja." Yule hakupata kuja. Alikuwa na miaka makumi tatu na moja.

Mi niko soudeur, kazi yangu ni kuunga chuma na moto, chuma nakijua, na Amisi alikuwa na wivu na gari yake kama muntu aliyeoa jana. Ku garaji ya inje balikuwa banaikwangula tumbo kila mara banaipandisha, akakataa isiende tena. Tukasema vidange tutafanya wenyewe, hapa nyumbani, mu lupango. Ni kazi ya mutoto, unatoa mafuta ya zamani chini ya moteri, unabadilisha filtri, unatia mafuta mapya. Ku gari ya kawaida, muntu analala chini, anafungua bushoni moja, kile kizibo cha mafuta, imekwisha. Lakini hii iko chini sana mpaka kuku inainama kupita. Kriki ya kawaida ya kuinulia gari haiingie. Inafaa kwanza kuipandisha magurudumu ya mbele juu ya kintu, ndipo muntu apate fasi ya kuingia. Na kintu tulichokuwa nacho ni matofali.

Unayajua matofali yetu. Bantu ya Kasungami banachimba bulongo ya kichuguu, banafinyanga, banapanga kilima kizima na kuwasha moto ndani siku mingi. Ile ya katikati inaiva. Ile ya inje, inayopigwa na upepo, inabakia mbichi ndani, ata kama uso iko nyekundu sawa na zingine. Hakuna muntu wa hapa asiyejua namna ya kuitambua: unagonga mbili. Ya kuiva inalia kama kengele, ile mbichi inafanya pu, kama unagonga muhogo. Nilikuwa na lori moja ya matofali pale ukutani, ya kujenga jikoni mupya ya mama yako, na ile ya inje ya kilima balikuwa bameipakua mwisho, ikabakia juu. Ile ya nguvu ilikuwa chini. Nilichukua ya juu, sababu ya uvivu, hakuna sababu ingine. Nikagonga. Ya kwanza ililia, ya pili ililia, ya tatu ililia. Ya ine ilifanya pu.

Nilisikia, Feza. Nilikuwa nayo mu mukono. Amisi alikuwa amekunja mikono ya chemise, akaniambia: "Shemeji, tuko tunajenga nyumba ao tunafanya vidange?" Nikacheka, nikaipanga pamoja na zingine upande wa kuume. Nilijiambia ni dakika makumi mbili tu. Amisi akapandisha gari pole pole, magurudumu ya mbele ikakaa juu ya matofali.

Freni ya mukono ilikuwa imekatika kamba. Nikaweka kipande ya mti nyuma ya gurudumu ya nyuma, na nikakuita weye. Ulikuwa unafua soksi za masomo, ulikuja na povu mpaka ku viwiko. Nilikuambia kaa hapa ku usukani, kanyaga hii pedali ya freni na miguu mibili, usiachilie mpaka papa aseme. Ulikuwa mufupi, ulishuka mpaka mbele ya kiti, kichwa haikuonekana tena. Ilifaa mi njo niingie chini, mi njo nilipanga yale matofali. Lakini Amisi aliangalia tumbo yangu, akasema: "Weye utakwama, tutakutoa na mafuta ya kupikia." Akalala chini yeye. Ndipo niliona tumesahau bidon ya kupokelea mafuta ya zamani, nikaenda kuitafuta jikoni. Nilimusikia anakuambia kutoka chini uongeze muziki, na nilisikia muziki unaongezeka. Ile ni kweli, ulinyoosha mukono ku radio. Mukono, si muguu.

Nilikuwa narudia na bidon, natokea nyuma ya gari. Niliona upande wa kuume inashuka. Haikuteleza. Haikurudia nyuma. Ilishuka pale pale, kama muntu anakaa, na vumbi nyekundu ikatoka pembeni ya gurudumu. Na taa za freni, zile mbili za nyuma, zilikuwa zinawaka. Ziliwaka kabla gari ishuke, ziliwaka ikishuka, na bajirani balipofika kuiinua zilikuwa zingali zinawaka. Kipande ya mti haikusogea ata kidole moja. Ni mi mwenyewe niliingia ku mulango nikatoa miguu yako ku pedali na mikono yangu, moja kisha ingine, kwa sababu ulikuwa hautaki kuachilia. Papa alikuwa hajasema.

Amisi walimutoa akingali na pumzi. Ilikwisha mu njia, kabla ya kufika ku hospitali.

Uongo sikuupanga. Nakuambia vile si kwa kujitetea, ni kwa sababu uko unaenda mu kazi ambamo utaona namna inazaliwa. Jirani mumoja aliuliza: "Nani alikuwa ndani ya gari?" Nikasema Feza. Mpaka pale ilikuwa kweli. Halafu bote bakakuangalia, na mi nikaona kama bakikuangalia weye, hawaangalii matofali. Nikakuuliza mbele yao, na sauti ya papa muzuri: "Feza, ulitoa muguu?" Ukasema: "Sijue, papa." Njo pale. Mutoto alikuwa hajui, na mi nilijua, na nikaichukua ile "sijue" yako nikaifanya kuwa jibu. Mama yako aliporudia toka soko, alikuta hadisi imekwisha kujengwa. Nilimuambia mutoto alinyoosha mukono ku radio, muguu ikatoka.

Asubuhi ya pili, kabla matanga haijajaa bantu, nilichukua nyundo nikapondaponda yale matofali, ile mbichi na ile nzima, nikamwaga unga pale pa mulango wa lupango ambapo panakuwaka matope. Uliikanyaga kila siku ukienda ku masomo.

Na siku ya arobaini unaikumbuka, haiwezi kuwa umeisahau. Nyuma ya dua, bantu ya upande wa mama yako balikuita katikati ya mukeka. Ulikuwa umevaa kitambaa nyeupe ya mama yako, ilikuwa kubwa kwako, inashuka ku macho. Babu yako mudogo alisema mutoto hahesabiwi, kosa ya mutoto inaoshwa. Kisha bibi yako, mama ya Amisi, mwanamuke aliyezika mutoto wake, alikuwekea mukono juu ya kichwa na kusema: "Nimekusamehe, mujukuu wangu, na muntu asikukumbushe tena." Bote bakaitika amina. Nilikuwa nimekaa karibu na mulango, na mi pia niliitika amina. Balikusamehe kosa yangu mbele yangu, na sauti yangu ilikuwa ndani. Bibi yako amekufa bila kujua kama alikosea kichwa cha kuwekea mukono. Mu maisha yangu yote hakuna kintu kinanitia haya kupita ile amina.

Utaniuliza niliogopa nini. Niliogopa mama yako. Nilisema akijua kama ni mi nilimuua ndugu yake na uvivu wangu, ataenda kwao na hatarudia, na benye kwao bana haki ya kumuchukua. Nikakutanguliza weye mbele, kwa sababu nilijua mutoto hawezi kuchukiwa. Na ilikuwa vile, hakuna aliyekuchukia. Lakini sikufikiri ata siku moja kama mutoto anaweza kujichukia mwenyewe. Nilikuona unaacha kuimba. Nilikuona unakataa kukaa mbele mu taxi, unabanana nyuma na mizigo ya bantu. Nilikuona ukifua nguo za nyumba nzima bila kutumwa, na mama yako anajisifu ku bajirani: "Feza wangu iko mutoto wa heshima." Mi nilikuwa najua si heshima.

Bakati ile, familia ya Amisi iliacha gari kwetu. Mama yako alitaka iuzwe, hakutaka kuiona. Mi nilikataa, na banasema mpaka leo ni mapenzi. Unamujua mwalimu wa ku kona, yule wa kuongea sana. Aliniambia: "Ramazani, gari inatoka mara moja kwa mwezi inafika ku kona, na weye kila myezi tatu unaifanyia vidange. Uko unanyoa ndevu za maiti." Nilicheka naye, nikamupatia kiti. Ningemuambia nini? Kama kila myezi tatu nafanya upya ile vidange ya siku ile, na kila mara natafuta namna ya kuifanya isiue muntu?

Njo maana umeona bintu bingi mu hii lupango, na unafikiri papa yako iko na ugonjwa ya kutengeneza. Kwanza nilitengeneza ngazi mbili za mbao za kupandishia gari, zile madrier nene za mugodi, nimezipanga tatu-tatu na kuzifunga na bulo za chuma, ndefu kwa sababu pua ya gari iko chini na ngazi fupi inaikwangula. Ku mwisho niliweka kipingo cha chuma, gurudumu ikifika inasimama pale. Ile kazi ilinichukua juma mbili. Ilifaa niifanye kabla ya siku ile.

Halafu nikachimba shimo, unakumbuka. Nilisema muntu asimame ndani, asilale kabisa chini ya gari. Mama yako alitoka jikoni akaangalia urefu wake, akaniambia pole pole: "Ramazani, hii ni kipimo ya kaburi." Mvula ya kwanza ilijaza shimo mpaka juu, chura bakaimba mule mwezi mzima, na weye ndiye ulinisaidia kuifukia. Tulifukia bote babili, kila muntu na mawazo yake, na mi nilijua mawazo yako ilikuwa nini. Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na koleo mu mukono na hakukuwa muntu mwingine mu lupango.

Ile plastiki ya chini ya moteri pia niliikata. Iko na vis kumi na moja za kuikaza, na kila vidange ilikuwa inafaa kuzifungua zote kusudi ufikie bushoni. Nilikata dirisha ndogo sawa na kitabu, nikaitilia kifuniko cha bati na vis mbili. Mbili tu. Ile siku nilifurahi kweli, nikakuita uone. Ulikuja mpaka ku ngazi ya mulango wa nyumba, ukaangalia kutoka mbali, ukasema: "Ni muzuri, papa," na ukarudia ndani haraka. Furaha ilikwisha.

Na kuna ile robine. Haujawahi kuniuliza kwa nini ku fasi ya bushoni kuna robine ndogo kama ya maji, na tuyo ya mupira inayoenda mu bidon. Nitakuambia. Ulikuwa na miaka kumi na ine. Nilikuwa chini ya gari, mafuta ya zamani imekwisha kutoka, naanza kukaza bushoni. Ulileta chai. Uliiweka chini pembeni ya kichwa yangu, ukachuchumaa, nikaona magoti yako tu. Ukasema, na sauti ya kawaida kabisa, kama unasema chumvi imekwisha: "Papa, mi nitasomea infirmière. Juu niliua muntu moja, inafaa niponeshe bengi."

Ilifaa niachilie kle ya kukazia. Ilifaa nitoke na mafuta yangu ku uso, nikukamate ku mabega. Unajua nilifanya nini? Nilikaza. Nilikaza ile bushoni, nikakaza, mpaka nikasikia meno ya chuma ndani inakatika. Halafu nikakujibu: "Ni kazi muzuri." Meno ilikuwa imeharibika kabisa, mafuta ilikuwa inavuja tone-tone. Nikaweka robine ya kusoder, na bantu banasema Ramazani ni fundi, angalia, anafungua mafuta na vidole mibili bila kuchoma mukono. Kila mara naifungua nasikia sauti yako.

Sitaki ufikiri yote ilikuwa machozi. Mwaka jana ulinishinda kwa akili, na sijakushukuru vizuri. Filtri ya hii gari imesimama fasi mubaya, ukiifungua mafuta inamwagika ku mukono, ku kifua, ku shingo. Nilikuwa nimelaani mpaka nimechoka. Ulikuwa umekaa ku mulango wa jikoni na vitabu vyako, haukuinua ata macho, ukasema: "Papa, kata chupa ya maji. Chupa ya litre moja na nusu. Kata chini, uivalishe filtri, mafuta itaanguka ndani." Nikakata, nikavalisha, haikumwagika ata tone. Nikakuuliza umejifunza wapi. Ukasema: "Nafikiri tu, papa. Weye unatengenezaka, mi nafikiri." Na ukacheka. Ile kicheko ilikuwa ya mbele ya kifo ya Amisi, niliitambua. Nikasema leo njo leo, nitamuambia leo. Nikanawa mikono, nikakaa pembeni yako. Ukaniuliza: "Papa, kuna neno?" Nikasema hapana, nataka tu kupumzika. Ukanisogezea kiti.

Sasa uko unaenda mu kazi ya bagonjwa. Nitakuambia kintu kimoja, si juu ya kuwa mi ni mwema, ni kwa sababu nimeona na macho yangu. Siku moja utakosea. Utapima dawa mubaya, ao utasahau mugonjwa ku mwisho wa salle, ao utasikia pu mu mukono yako na utaendelea, sababu umechoka na muntu anakuharakisha. Itakuwa vile, sisi bote inatufikia. Na pembeni yako kutakuwa muntu mudogo kuliko weye, mwenye kufagia, ao mwanafunzi, ao mama ya mugonjwa. Bakubwa bataingia na kuuliza nani. Na ule mudogo, kwa kuogopa, atasema sijue. Pale utakuwa na dakika moja tu, haitazidi. Mi nilikuwa nayo, ilipita, na nyuma yake kila siku ilikuwa inakuwa nguvu zaidi kusema, si wepesi. Bantu banadhani kosa ya zamani inapunguaka. Kama kuna muntu anaibeba kwa fasi yako, haipunguke.

Na unapoona kama kazi umeichagua kwa kulipa, uko na ruhusa ya kuiacha. Hauna deni ya Amisi. Kama unaipenda kweli, endelea, na ufanye kwa kuipenda. Ukitaka kurudia hapa na kusomea kuimba, rudia. Nitaimba na weye, ata kama sauti yangu haifai.

Usinisamehe haraka. Najua namna uko, utasoma hii na kitu ya kwanza utafikiri ni kama papa anakula ao hapana. Usifanye vile. Kasirika kwanza. Miaka tisa ni mingi, nilikula utoto wako, na uko na haki ya kuniambia neno ya ukali ambayo haujawahi kuniambia. Ukinyamaza mwezi mzima nitaelewa. Ukinyamaza zaidi, nitaumia lakini nitaelewa ile pia. Nakupenda, Feza. Nilikupenda siku ile ile niliyokuuza, na njo kintu sijui kueleza mpaka leo.

Nilitaka kufunga hapa. Nilikuwa nimepanga kuitia mu valizi yako bila kusema, usome ukifika Kolwezi, mi niko mbali. Nilipokunja karatasi niliona kama ni kujificha tena, na mama yako angebakia bila kujua. Amisi ni ndugu yake, si wangu. Nikamuita aje inje, nikakunjua karatasi na kumusomea yote, toka ku mustari ya kwanza.

Alisikiliza akisimama. Nilipofika ku taa za freni alikaa chini, pale pale mu bulongo, hakutafuta kiti. Nilipofika ku mukeka ya arobaini alifunika macho na mukono. Hakulia. Nilipomaliza aliniuliza neno moja: "Mama yangu alikufa akijua ni mutoto?" Nikasema ndiyo. Nikasikia weye unafunga valizi ndani.

Halafu nilimuambia nitakupatia kesho ku bus. Akasema hapana. Anasema mambo yetu sisi babili tutaiongea ukiisha kwenda, na sijui itakuwa nini, na sina haki ya kuuliza. Lakini weye, anasema, hautangoja kesho. Amesimama hapa mbele yangu wakati naandika hii mustari ya mwisho, mukono wazi, anangoja karatasi. Anasema mutoto amelala na kosa ya muntu mwingine miaka tisa, na leo hatalala nayo tena. Namupatia.

Papa yako